Nyumba Yetu ya Naif

Tuliolelewa Deira, Dubai, miaka ya tisini tumetawanyika, na nikikutana na mmoja wetu mazungumzo hayaanzi na Mogadishu wala Barawa. Huanza na Naif, mtaa wetu wa Deira: mlikaa jengo lipi, upande wa soko au upande wa ngome ya polisi, na mgahawa mliokuwa mkinunua sambusa ulikuwa wa nani. Wako wanaosema Dubai kwetu Wasomali ilikuwa njia ya kupitia tu. Nakataa. Njiani mtu hana jirani wa kumletea futari.

Wazazi wangu ni watu wa Barawa, bandari ya kale kusini ya Mogadishu, ambako wenyeji husema Chimiini, Kiswahili cha kaskazini kuliko vyote. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, wanamgambo waliingia mjini kwetu kwa zamu, kundi hili likitoka lile likiingia, kila moja likipora kilichosazwa na wenzao. Wabarawa walikuwa mafundi wa ngozi, wafumaji, wafanyabiashara na masheikh. Hawakuwa na bunduki wala kabila kubwa la kuwakinga. Tukapanda boti mpaka Mombasa. Huko, katika kambi ya wakimbizi, mama alishona kofia, kazi ambayo wanawake wa Barawa hujifunza wakiwa wadogo, na kwa kofia hizo tulikula. Baba alitangulia Dubai kwa viza aliyotafutiwa na ami yetu mmoja mfanyabiashara. Sisi tulimfuata mwaka 1994.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na sikumbuki usiku hata mmoja tuliolala wenyewe. Wageni walitoka Jidda, Riyadh, Sanaa. Wengine walikuwa wamefukuzwa Saudia kwa kukosa ikama, kibali cha ukaazi. Wengine walikuwa na viza ya wiki mbili na namba ya simu ya binamu aliyeko Toronto, basi. Magodoro yalikunjwa alfajiri, yakatandikwa baada ya isha. Mama hakumwuliza mgeni ataondoka lini. Alimwuliza mama yake ni nani, kisha akaingia jikoni. Watu wa pwani aliwapikia mkate wa muufo na mchuzi wa samaki. Wale wa bara aliwawekea canjeero na chai ya maziwa, nao walimwita eeddo, shangazi, ingawa hawakuwa na nasaba naye. Ilipofika saa ya idhaa ya Kisomali ya BBC, iliyokuwa hewani tangu 1957, hata sisi watoto tulinyamaza, maana mtu aliweza kusikia mtaa wake ukitajwa kati ya mitaa iliyopigwa.

Barua zilikwenda kwa kanda. Aliyetaka kuzungumza na mama yake aliwasha kinasa sauti, akakaa chini, akasema yaliyomo moyoni mpaka upande mmoja ukaisha, akageuza. Abiria wa kwanza wa kuelekea huko alikabidhiwa kanda hiyo pamoja na dawa na chupa ya manukato. Kwetu palikuwa kama posta: kanda za London zililala juu ya kabati pamoja na za Kismayu, na mama, ambaye hakusoma shule, alijua kila moja ni ya nani. Bibi yangu alibaki Barawa. Kanda yake moja naikumbuka vizuri. Upande wa kwanza alisoma steenzi, tenzi za dini ambazo wanawake wa Barawa wanazihifadhi kifuani, zikiwemo za mtunzi Dada Masiti aliyefariki mwaka 1919. Upande wa pili alitaja vitu vyote vilivyoibwa nyumbani, kimoja kimoja, mlango wa nakshi, masanduku, mpaka kinu cha kutwangia. Mama alisikiliza tenzi. Baba alirudia ule upande wa pili usiku baada ya usiku, na hakuna aliyethubutu kumwambia azime.

Baba alikuwa karani wa duka la hawala katika jengo letu, ghorofa ya chini. Mtu aliingia na dola mia, akataja jina la mpokeaji, mtaa wake na ukoo wake. Karani alichukua kama dola tano za ujira, akapeleka habari kwa faksi au kwa redio ya masafa marefu, ile ambayo Wasomali huiita taar. Kesho yake wakala wa Baidoa au Galkayo alimwita mama mzee anayetumiwa, akamwuliza babu yake ni nani, na babu wa babu; akijibu sawasawa alihesabiwa pesa zake. Kitambulisho kingetoka wapi, na serikali haipo? Dola zenyewe zilibaki Dubai zikanunua sukari, mchele, tambi na nguo, vitu vikapakiwa kwenye majahazi pale Khor, hori ya Dubai, vikashushwa Bosaso au El Ma'an, ule ufuo ulioshika kazi ya bandari ya Mogadishu ilipofungwa katikati ya miaka ya tisini. Mauzo ndiyo yaliyowalipa wazee. Baadaye nimesoma watu wakiuita mfumo huu kichaka cha siri. Mimi niliuona ukiandikwa kwa kalamu kwenye daftari mchana kweupe, na kila mstari ulikuwa unga wa nyumba fulani.

Tarehe 7 Novemba 2001 Marekani ilizuia mali za al-Barakaat, kampuni kubwa kuliko zote za hawala ya Kisomali, ambayo makao yake yalikuwa Dubai, kwa tuhuma za kufadhili ugaidi. Ofisi zikafungwa. Simu na intaneti ambazo kampuni hiyo iliziendesha Somalia nazo zikakatika. Zilikuwa zimebaki siku chache Ramadhani ianze, wakati ambao kila mtu alikuwa ametuma pesa za mfungo. Duka la baba lilikuwa jingine, dogo, lakini watu walijaa mpaka barabarani wameshika stakabadhi zisizo za duka letu, wakimwomba japo awaulizie jamaa zao kwa redio. Alikaa na redio ile mpaka usiku wa manane, akapanda juu, hakula. Mwaka 2004 wachunguzi wa tume ya Marekani ya mashambulizi ya Septemba 11 waliandika kwamba hawakuona ushahidi wa moja kwa moja wa kuifunga al-Barakaat na ugaidi. Mfungo wa 2001 ulikuwa umeshapita zamani.

Sisi lakini tulitawanywa na umri tu. Dubai mtoto anaweza kuzaliwa, kusoma na kuota ndevu asiwe raia. Anakaa kwa ikama ya baba yake, na hadi mwaka 2022 mvulana akitimiza miaka 18 udhamini ule ulimtoka asipokuwa mwanafunzi. Ada zilitushinda. Kaka yangu alitimiza mwaka 2002, na kafili, mdhamini mwingine, hakupatikana. Alipelekwa Khartoum, ambako Wasomali wengi walikuwa wakisoma kwa gharama nafuu, na huko akawaona wenzake wakiondoka mmoja mmoja kupitia jangwa la Libya, safari ambayo Wasomali huiita tahriib. Akawafuata. Miezi ikapita bila simu. Mama alianza tena kushona kofia usiku, jambo ambalo hakulifanya tangu kambi ya Mombasa. Kaka yuko Sweden leo, dereva wa basi, mzima wa afya. Sisi wengine tulirudi Mombasa, na baba akabaki Naif peke yake miaka mingi, akitutumia pesa kwa daftari lile lile alilowatumia wengine.

Habari za Wasomali wa ughaibuni zinaandikwa zaidi Minneapolis, Toronto na London, miji iliyowapa watu uraia. Deira haikumpa mtu uraia, na ikama yake ikifutwa hakuna pahala jina lake linabaki. Hata hivyo wengi ninaowajua katika miji ile walikula kwanza sebuleni kwa mama fulani wa Deira, na nauli yao ilichangwa huko. Akina mama hao wamezeeka, na baadhi tumeshawazika. Kama kwenu mna kanda za miaka hiyo, msizitupe kwa kuwa hamna tena mashine ya kuzipiga. Zipelekeni kwa fundi azihamishe kwenye kompyuta mwaka huu, kwani utepe unaharibika, kisha mkalisheni mzee aliyesalia, azisikilize, nanyi mwandike majina ya wanaozungumza akiwa bado anazitambua sauti zao.