ALIPOSTI "HATUMTEGEMEI MTU", KUMBE MAJI YA KUOGA ANABEBEWA NA MTOTO WA SHULE

Kuna jamaa mmoja wa Dar, anajulikana mtandaoni kwa zile video za maisha ya gari. Jina lake libaki hapo hapo, wanaomjua wanamjua.

Alinunua Hiace iliyochoka kubeba abiria, akampa fundi. Viti vikang'olewa, kikaingia kitanda, jiko dogo la gesi, sola juu ya bodi, na chini ya kitanda tenki la plastiki la lita 120. Bomba la kuogea likatokezea mlango wa nyuma. Unabonyeza swichi, pampu ya betri inanguruma, maji yanamwagika kama uko hotelini. Hapo ndipo laiki zilipokuwa zinatoka.

Agosti akafunga safari na mchumba wake. Binti ni Mkurya, Dar alienda kutafuta maisha, lakini amelelewa na bibi yake Nyarero, huko Tarime, mpaka akamaliza darasa la saba. Mpango ulikuwa mtamu kweli: wapite Nyarero siku mbili jamaa aonekane kwa bibi, halafu washuke Kogatende kuangalia nyumbu wakivuka Mto Mara, maana msimu wenyewe ndio huo, kati ya Julai na Oktoba.

Siku mbili zikawa kumi. Bibi alisema mgeni wa namna hiyo hawezi kuonekana na yeye peke yake. Mjomba mtu yuko Mwanza kikazi, lazima asubiriwe, wazee wakae wamwone kijana kwanza. Mambo ya ng'ombe yatakuja baadaye na washenga wake. Na kuhusu kulala, wala hapakuwa na mjadala: binti ndani na bibi, jamaa kwenye gari lake. Kwa bibi ni hivyo.

Basi gari likapaki. Uwanja wa bibi una mteremko, kwa hiyo yakatafutwa mawe ya kuweka chini ya tairi za nyuma ili kitanda kikae sawa. Turubai likavutwa kutoka kwenye gari mpaka kwenye mparachichi. Sola ikatazamishwa jua. Ukishajipanga hivyo, kulitoa gari tena ni kazi ya nusu siku.

Siku ya tatu asubuhi, pampu ikakohoa. Tenki jeupe.

Hapa ndipo watu wengi wa maisha ya gari wanapokwama. Jamaa alijifunza kila kitu kwenye video za Wazungu. Huko Ulaya, kwenye viwanja vya kupaki hayo magari ya kulala, kuna bomba la maji ya kunywa, unachomeka mpira, tenki linajaa wewe unakunywa kahawa. Hata hao wageni wanaoingia na magari makubwa kupitia Sirari huwa wanajazia palipo na bomba, kabla hawajaenda kupaki porini. Video zote zilimfundisha jinsi ya kuunga mpira kwenye bomba. Hakuna iliyomfundisha ufanyeje kama bomba lenyewe halipo.

Kwa bibi maji yanatoka chemchemini, bondeni. Kushuka unashuka mtupu, raha mustarehe. Kupanda ndio una dumu kichwani. Na Agosti ni kiangazi, maji yanatoka kwa kujivuta, mnapanga foleni.

Nani alibeba? Hakuna aliyemtuma mtu. Pale nyumbani kuna mtoto wa mjomba, yuko darasa la sita, maji ya nyumba ni kazi yake kabla ya shule na baada ya shule. Alipomwona shemeji anazunguka gari na uso wa huzuni, alichukua dumu akashuka. Lita 20, kilo 20, juu ya ngata ya kipande cha kanga. Safari sita tenki likajaa. Jamaa akampa elfu mbili ya pipi, akajiona kalipa vizuri. Kesho yake jioni tenki likawa jeupe tena, maana lile bomba la nyuma linamwaga lita sita kwa dakika, na jamaa akioga anaimba nyimbo tatu.

Bibi akanyamaza. Binti naye hakujua ukubwa wa jambo, kutwa yuko jikoni na shambani, yeye anaoga kwa ndoo kama zamani.

Sasa ngoja hesabu iingie kidogo. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, na kituo cha maji kisizidi mita 400 kutoka nyumbani. Pale kwa bibi wanalala watu wanne: bibi, mtoto, mdogo wake na binti. Mara 25 ni lita 100. Yaani tenki la jamaa mmoja lilikuwa linazidi maji ambayo sera hiyo ilitaka familia yote ipate kwa siku. Na yeye alikuwa analimaliza kwa siku mbili, kuoga tu.

Siku ya tano akaposti. Picha kali sana kwa kweli: migomba nyuma, ukungu wa asubuhi wa Tarime, jamaa povu kichwani, maji yanang'aa juani. Chini akaandika: "Siku ya tano kijijini. Maji yetu, umeme wetu. Hatumtegemei mtu."

Komenti zikamiminika. Baba lao. Maisha ndio haya. Nataka mume wa hivi. Mpaka alipotokea mtu mmoja akaandika: "Samahani kaka, hilo dumu la njano linalopita nyuma ya mgomba sekunde ya 14, linabebwa na upepo?"

Watu wakarudisha video nyuma. Dumu kweli. Chini ya dumu, sketi ya shule. Mwingine akaongeza: "Na saa hiyo kengele imeshagonga." Hapo mtandao ukachafuka, jamaa akawa anafuta komenti, nao wanaandika nyingine.

Shoga wa binti aliyeko Dar ndiye aliyemtumia kiungo. Binti alikuwa anasonga ugali. Akaepua sufuria, akaangalia mara ya kwanza. Akaangalia mara ya pili. Jamaa alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, kumbe hakuna ugomvi. Alipakuliwa, akala, akaambiwa usiku mwema.

Saa kumi na moja alfajiri jamaa akaamshwa na vicheko. Akachungulia dirishani. Mtoto anapanda kilima na dumu, nyuma yake mchumba wake, yule yule wa kucha ndefu na wigi la Kariakoo, kafunga kanga kiunoni, dumu kichwani, mikono haijashika kitu. Hajasahau.

Wakapita pembeni ya gari kama vile halipo. Maji yakaenda kwenye pipa la bluu la bibi.

Jamaa akatoka. "Sasa mbona hukuniamsha?"

Binti akapangusa uso. "Nimebeba maji kwenye hiki kilima miaka saba. Nilikuwa nachelewa namba, nachapwa, kesho nabeba tena. Nikaapa, nikipata mwanaume, sitabeba maji ya mtu aliyelala. Nimemkuta mwenzangu anayabeba, na aliyelala ni wa kwangu." Akaingia ndani. Mlango haukubamizwa. Ungebamizwa ingekuwa afadhali.

Ukimsikiliza jamaa leo, anasema hapo ndipo aliposhikwa na aibu. Lakini aibu haijazi tenki. Akawaza kulitoa gari, ila chemchemini hakuna njia ya gari. Akawaza bodaboda, wapo wanaobeba madumu manne kwa mpigo, ila nao hawashuki kule bondeni. Akaazima toroli kwa jirani na madumu mawili, akashuka mwenyewe.

Foleni nzima ni akina mama na watoto wa kike. Yeye ndiye mwanaume pekee mwenye ndevu. Watoto wakaanza: "Mura anateka maji! Mura anateka maji!" Mama mmoja akampisha mbele kwa kuwa ni mgeni, mwingine akakataa, akasema apange foleni kama wengine, mguu anao. Akapanga.

Kupanda na toroli usione kwenye picha. Tairi inazama kwenye vumbi, ukisimama linarudi nyuma. Dumu moja halikuwa na kifuniko, likafika nusu. Halafu kumbe fundi wa Dar aliuweka mdomo wa tenki usawa wa kifua. Mtoto wa darasa la sita alikuwa ananyanyua kilo 20 mpaka pale, mara sita, na hakuna aliyewahi kumwona anavyofanya. Jamaa alinyanyua la kwanza, akamimina kwa chupa iliyokatwa kitako, robo ya maji ikaishia kwenye suruali.

Aibu ya pili ikafuata. Moja ya yale madumu liliwahi kuwekea dizeli. Maji yakaingia na harufu, tenki zima likaharibika. Ikabidi afungue chini amwage karibu lita 40 kwenye migomba. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mboga. Akainua macho, akaangalia maji yanavyoenda, akainamisha. Jamaa anasema kuliko yale macho, bora angechapwa.

Usiku ule bibi ndipo aliposema. Alianza kwa utani, maana bibi na mchumba wa mjukuu lazima wataniane. "Wewe mume wangu wa Dar, unaijua ile ya mgeni siku mbili?"

"Naijua bibi. Siku ya tatu mpe jembe."

"Jembe ninalo moja. Madumu ninayo mengi." Wote wakacheka, hata binti kidogo. Halafu bibi akaweka sheria: pipa la nyumba lijae kwanza, ndipo gari. Na mtoto asiguse dumu la gari.

Siku zilizobaki jamaa akawa mwanafunzi. Mwenye mpango wa kuishi garini kwenye uwanja wa watu na achukue haya mambo kwa faida yake. Nunua madumu yako mapya, yasijue mafuta. Maji yachuje kwa kitambaa safi kabla hayajaingia. Vile vidonge vya kutibu maji, kimoja kwa dumu la lita 20, subiri nusu saa. Mdomo wa tenki ukiwa juu usinyanyue dumu, tafuta pampu ndogo ya betri na mpira, dumu likae chini, maji yapande yenyewe. Usijaze mpaka juu kama gari lina safari, lita 120 ni kilo 120, hiyo ni kama kubeba mtu mnene anayeyumba kila kona. Na kuoga: jilowanishe, funga, jipake sabuni, fungua, jisuuze. Jamaa alishuka kutoka lita 60 mpaka lita nane. Nyimbo zikaisha.

Alirekodi video nyingine pia. Kilima chote, kuanzia chemchemini mpaka kwenye pipa, hakukata hata sehemu moja, unasikia tu anavyohema na watoto wanavyomcheka. Mtoto wa shule hayumo, yuko darasani. Ile ya mwanzo hakuifuta, alibadilisha maneno tu, akaandika waliobeba. Hii ya kilima haikufikia hata robo ya watazamaji wa ile ya povu. Watu wanapenda maji yakitoka, yalikotoka hawana muda nako.

Siku ya tisa mjomba akaja. Wazee wakakaa chini ya mparachichi, turubai likiwa limeshakunjwa. Wakamuuliza jamaa ukoo, wakamuuliza kwao. Halafu mzee mmoja akauliza swali ambalo kila kijana wa mitandaoni analiogopa: "Na wewe kijana, unafanya kazi gani hasa?"

Jamaa akakohoa. Akaanza, "Mzee, mimi natengeneza..."

Bibi akamkata. "Anabeba maji."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Mpaka leo jamaa hajui kama alisifiwa au alichekwa. Binti anajua, ila hamwambii.

Waliondoka Nyarero kesho yake asubuhi. Pipa la bluu limejaa mpaka ukingoni, tenki la gari nusu. Nyumbu hawakuonwa, siku ziliisha. Washenga wanatakiwa Desemba.

Wadau, wewe ungekuwa ndio yule binti, ungemsubiri huyo jamaa mpaka Desemba au ungemwachia pale pale na toroli lake? Na nyumbani kwenu, maji ya kuoga anayabeba nani? Dondosha komenti yako hapo chini, matusi hapana.