Nilimlaumu Bure Dada Yangu

Asubuhi moja ya Novemba 2023 nilimkuta dada yangu mdogo ameinamia meza, simu mkononi, machozi yakimdondoka. Tunaishi naye mtaani Umoja, Nairobi, nami ndiye ninayemlipia karo. Siku hiyo alikuwa na mtihani wa kufanywa kupitia intaneti, saa tatu kamili.

Hadi kufikia saa tatu u nusu hakuwa ameona hata swali la kwanza. Kiduara kilikuwa kikizunguka tu juu ya kioo cha simu. Alipofaulu kuingia, alijibu maswali manne, kisha akatupwa nje.

Msomaji mpendwa, badala ya kumpa pole nilimkaripia. "Wenzako wanafanyaje?" nikauliza. Akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, hata wao wamekwama." Sikuamini. Enzi zetu pale chuo cha uandishi wa habari, mtu akiukosa mtihani sababu ilijulikana: hakusoma. Nikaapa kwamba ada ya mtihani wa marudio haitatoka mfukoni mwangu. Kwa wiki mbili tukawa tunasalimiana kwa shida.

Aliyenifumbua macho ni jirani yetu wa ghorofa ya tatu, kijana anayetunza seva ya masomo katika taasisi nyingine. Nilimsimulia kisa hicho nikitarajia aniunge mkono. Akacheka. "Ndugu, huyo msichana hana kosa. Njoo Jumamosi nikuonyeshe."

Nilikwenda. Akafungua kompyuta yake na kunionyesha Moodle, programu inayotumiwa na vyuo vingi duniani. Ilitolewa rasmi mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, mtu ambaye utotoni aliishi nyikani, mbali na shule, akasoma kwa njia ya redio. Hilo lilinishangaza, kwani redio na seva ni vitu viwili tofauti kabisa. Kituo cha redio hakilemewi na wasikilizaji; wawe kumi au elfu kumi, sauti ni ile ile. Lakini seva humhudumia kila mwanafunzi peke yake.

"Fikiria hoteli ya Gikomba saa saba mchana," akasema. "Wahudumu ni wanane, na jikoni kuna mpishi mmoja." Wahudumu ndio sehemu ya programu inayopokea maombi ya wanafunzi, mpishi ni hifadhidata, mahali maswali na majibu yanapowekwa. Wateja wakija mmoja mmoja, kila mtu anakula. Wakiingia wote kwa mlango mmoja kengele ya saa saba ikilia, hata chai haifiki mezani. Mwenye hoteli akikimbilia kuajiri wahudumu hamsini, wanagongana mlangoni mwa jikoni. Ndivyo ilivyo kwenye seva: kila mhudumu hula kumbukumbu ya mashine, nayo ikijaa, mashine huanza kuhamishia mambo diskini, ambako kazi huenda kwa mwendo wa kobe.

Kisha akaniletea wanafunzi bandia. Naam, bandia! Kuna programu iitwayo JMeter inayojifanya umati wa watu: inaingia kwa neno la siri, inafungua mtihani, inajibu, inatuma. Alikuwa ameandaa nakala ya seva pembeni, kwa kuwa, alisema, hakuna mwenye akili timamu anayeijaribu seva ambayo wanafunzi wanaitumia. Akatuma ishirini. Ukurasa ukafunguka mara moja. Akatuma mia. Tukangoja kidogo. Akatuma mia tatu wote kwa pamoja, na lo! kile kiduara nilichokiona mkononi mwa dada yangu kikaanza kuzunguka mbele yangu. Nilihisi aibu ikinipanda shingoni.

Jirani hakutambua. Alikuwa amekolea. Akanionyesha mahali palipoziba, akapunguza idadi ya wahudumu ilingane na kumbukumbu iliyopo, akaweka mambo yanayoulizwa kila mara mahali karibu ili mpishi asisumbuliwe kwa jambo lile lile. Akajaribu tena, na tena. Mambo mengine yalikuwa madogo mno: kazi ya kutengeneza nakala za akiba ifanywe usiku wa manane, wala si saa za mtihani, diski ichunguzwe kabla haijajaa, madarasa yaanze kwa kupishana dakika chache.

"Na hii huchukua muda gani?" nikauliza.

"Siku moja au mbili kabla ya mtihani."

Sijui kama kule kwa dada yangu kuna aliyetenga siku hizo mbili. Barua waliyotumiwa wanafunzi iliwashauri tu wawe na intaneti ya kutegemewa, kana kwamba kosa lilikuwa la bando zao.

Jioni hiyo nilibisha mlango wa chumba chake, nikamwomba radhi. Hakujibu upesi, wala sikumlaumu. Ada ya marudio nililipa mimi.

Alirudia mtihani Februari 2024. Saa tatu kamili nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, roho mkononi, nikikitazama kiduara. Kilizunguka mara mbili, kisha swali la kwanza likatokea.

"Kaka," akasema bila kugeuka, "sasa ondoka hapo, unanizibia mwangaza."