Haki ya Mchezaji Kuandikwa

Miongoni mwa mambo anayoyastaajabia mtu wa Afrika Mashariki aliyehamia jimbo la Ohio, ambako jamaa wengi wasemao Kiswahili, wakiwamo Wakongo na Wasomali waliokulia Kenya, wamefanya maskani yao katika mji wa Columbus, ni taadhima wanayoipa wenyeji hesabu ya kila mchezaji wa timu ya chuo kikuu chao. Uwanja wa Ohio State, uliofunguliwa mwaka 1922, huchukua watazamaji zaidi ya 100,000, nao hufurika Jumamosi za mpira wa Kimarekani. Lakini jambo lililonifunza zaidi mimi ninayeishi huku ni daftari ambalo ndani yake kijana aliyecheza miaka 50 iliyopita hukutwa na jina lake, mwaka wake na idadi ya yadi alizokimbia na mpira mkononi.

Mchezo wenyewe umekubali kuhesabiwa. Timu iliyo na mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10, na kila jaribio lina mwanzo na mwisho wake, kwa hivyo hakuna tendo lipitalo bila kushikika. Katika chumba kilicho juu ya majukwaa huketi waandishi wa hesabu: mmoja hutazama na kutamka nambari ya jezi ya aliyeshika mpira, mstari alipoanzia, mstari alipoangushwa na nambari ya aliyemwangusha, na mwenzake huyaingiza yote hayo katika kompyuta kabla jaribio jingine halijaanza. Aliyeanzia mstari wa 32 akaangushwa katika mstari wa 37 huandikiwa yadi 5. Aliyesukumwa nyuma yadi 2 hupunguziwa yadi 2 katika jumla yake, awe mashuhuri au asijulikane.

Katika daftari hilo hakuna jina linalotajwa kwa heshima kubwa kuliko la Archie Griffin, mzaliwa wa Columbus, aliyeichezea Ohio State tangu 1972 hata 1975. Mwaka ule wa 1972 ndio NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ilipoanza kuwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuingia katika timu kubwa za mpira, na Griffin alikuwa mmoja wao. Katika mchezo wake wa kwanza alipewa mpira, akaudondosha. Katika mchezo wa pili, dhidi ya North Carolina, alikimbia yadi 239 na kuivunja rekodi ya chuo kizima. Alipomaliza masomo alikuwa ametwaa tuzo ya Heisman, apewayo mchezaji bora wa vyuo vyote, mara 2, mwaka 1974 na 1975, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifikia hadi leo.

Lakini ukiuliza Griffin alikimbia yadi ngapi kwa jumla, utapata majibu 2, na yote 2 ni sahihi. Chuo chake kinahesabu 5,589. NCAA inahesabu 5,177. Tofauti ya yadi 412 ni zile alizozipata katika michezo 4 ya Rose Bowl, kwa maana zamani NCAA haikuijumuisha michezo hiyo ya kufungia msimu katika hesabu zake rasmi, ikaanza kuijumuisha mwaka 2002, wala haikurudi nyuma kuwahesabia waliotangulia. Khitilafu hiyo ilizaa manung'uniko makubwa mwaka 2016, pale Donnel Pumphrey wa San Diego State alipotangazwa kuwa mkimbiaji aliyewapita wote kwa yadi 6,405, akimshinda Ron Dayne wa Wisconsin aliyeandikiwa 6,397, ilhali Dayne, lau angalihesabiwa michezo yake ya mwisho wa msimu kama alivyohesabiwa mwenzake, angalikuwa na 7,125.

Nimelitaja shauri hili kwa makusudi, kwa sababu wako wanaodhani kwamba tarakimu ikishaandikwa imekwisha kuwa kweli kamili. Tarakimu ni ushahidi, na ushahidi hutaka masharti yake yajulikane. Wamarekani wanaweza kubishana juu ya Dayne na Pumphrey kwa insafu kwa sababu kila mchezo uliandikwa peke yake na kanuni ya kuhesabu iliandikwa kando yake. Mwenye shaka hufungua, akajumlisha, akaonyesha palipo na dhuluma. Pasipo maandishi, hata mdhulumiwa hana pa kuanzia madai yake.

Daftari lina upofu wake pia. Watu wa safu ya mbele, wale wenye miili mikubwa wanaowazuia maadui ili mbeba mpira apate njia, hawana yadi zao wenyewe za kuandikiwa. John Hicks, aliyekuwa katika safu hiyo mbele ya Griffin, alishika nafasi ya 2 katika kura za Heisman za mwaka 1973 bila ya kuwa na yadi hata moja ya kumpigia kampeni. Waliompigia kura walitegemea macho yao. Na yadi 331 alizozikimbia Trey Sermon dhidi ya Northwestern mwezi Desemba 2020, ambazo ndizo nyingi kuliko zote katika mchezo mmoja wa Ohio State, ni za kijana aliyehamia hapo na kukaa msimu mmoja tu. Tarakimu hazisemi nani alipendwa, wala nani alifungua njia.

Kwetu mambo yamekuwa kinyume. Tumejaliwa kumbukumbu ya baraza, nayo haina mfano katika kuuhifadhi uhai wa tukio. Wazee wa Dar es Salaam wakikusimulia tarehe 19 Julai 1977, siku Simba ilipoifunga Yanga mabao 6 kwa 0, na Abdallah Kibadeni akapachika 3 kati yake, watakueleza mpira ulivyotoka, nani aliutoa, mlinzi yupi aliteleza na jukwaa lipi lilinyamaza. Hayo hayamo katika daftari lolote la Columbus. Lakini waulize hao hao, wakiwa pamoja, Kibadeni alifunga mabao mangapi katika aushi yake yote ya mpira, na katika michezo ile midogo iliyochezwa mikoani bila ya kelele za magazeti alifunga mangapi, utaona kila mmoja anakuja na idadi yake, na anayesema kwa sauti kubwa ndiye anayeshinda.

Ikiwa hivyo ndivyo kwa nyota wa Simba, msomaji, hali ya mwanafunzi ikoje? Kila mwaka vijana hukutana katika UMITASHUMTA na UMISETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari za Tanzania, kadhalika wa vyuo vikuu hushindana wao kwa wao, wakasafiri usiku kucha katika mabasi, wakalala madarasani, wakacheza kwa moyo wao wote. Matokeo hubandikwa ubaoni, mvua ikanyesha, karatasi ikaenda zake. Niliwahi kuwauliza wenzangu wa sekondari mshambuliaji wetu aliyetupeleka mashindano ya mkoa alifunga mabao mangapi. Kila mmoja alitoa jibu lake, na shuleni hapakuwa na karatasi ya kutuamua. Muuza duka wa mtaani huandika deni la nusu kilo ya sukari. Shule yenye walimu wasomi imeshindwaje kuandika bao?

Wala haisemwi kwamba watoto wetu hawana matendo yanayostahili wino. Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyesoma Texas El Paso, alishinda mbio za mita 10,000 za NCAA mara 4 mfululizo, tangu 1979 hata 1982. Henry Rono wa Kenya, akiwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978, alivunja rekodi 4 za dunia katika muda wa siku 81. Vyuo vyao vimewaandika, na mjukuu wa yeyote kati yao anaweza kuzisoma tarakimu hizo leo. Waliokimbia nao utotoni wakabaki nyumbani, ambao pengine siku moja waliwashinda, hawana mahali pa kusomwa.

Kwa hiyo naomba jambo lililo katika uwezo wa kila mwalimu wa michezo, tangu Mwanza hata Mombasa, kwa gharama ya daftari moja. Andika tarehe, uwanja na timu pinzani. Andika majina ya wachezaji kwa ukamilifu, maana lakabu husahaulika upesi. Andika nani alifunga, dakika ya ngapi, nani alimpasia, na kipa aliokoa mikwaju gani. Katika ukurasa wa kwanza eleza kinachohesabiwa na kisichohesabiwa, yaani kama michezo ya kirafiki imo au haimo, ili wajao wasigombane kama walivyogombana wa Wisconsin na San Diego. Kisha acha nafasi chini ya kila mchezo kwa maneno machache juu ya yule mlinzi asiyefunga bao lakini aliyeiokoa timu, kwa maana hapo baraza letu linalijua jambo ambalo hesabu za Marekani hazilijui. Daftari likijaa, likabidhiwe maktaba ya shule kwa sahihi ya mkuu wa shule, na jipya lifunguliwe siku hiyo hiyo.