Gemu Nilisevu, Bibi Sikumsevu

Pale Ng'ambo, Tabora, nikiwa darasa la sita, kulikuwa na kibanda chenye PlayStation 2 mbili. Wana wote walikuwa wanacheza mpira. Mimi nilikuwa nang'ang'ania sidii moja iliyokwaruzika: Final Fantasy X. Saa moja shilingi 500, na hela yenyewe mara nyingi ilikuwa ya mihogo ya shuleni.

Kwa wasioijua, Final Fantasy ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1987, kazi ya Hironobu Sakaguchi na wenzake wa kampuni ya Square. Kila toleo kubwa lina dunia yake na watu wake wapya, kwa hiyo unaweza kuanza na lolote. La 7, mwaka 1997, ndilo lililovuma duniani kote. La 16 lilitoka 2023. Siku hizi hata Waafrika wanatengeneza gemu za aina hiyo: Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa Aurion mwaka 2016.

La 10, la mwaka 2001, ni safari. Binti anayeitwa Yuna anatoka kisiwani kwao na walinzi wake, wanatembea hadi magofu ya Zanarkand kutafuta nguvu ya kulishinda dubwana linalomaliza watu. Huwezi kuimaliza kwa siku moja, na bila memori kadi unaanza upya. Yangu nilikuwa nalala nayo chini ya mto.

Jioni namsimulia Bibi. Siku moja akacheka: "Mume wangu, mbona hiyo safari ni ya kwetu?" Akaanza kunieleza habari za babu yake, mpagazi, enzi hizo reli haijafika Tabora. Walivyobeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Bagamoyo, walikolala, aliyeugua wakamwacha njiani. Akataja majina. Akaimba na nyimbo zao za Kinyamwezi. Mimi nikawa nawaza kibanda kinafungwa saa ngapi.

"Bibi, utamalizia kesho."

Bibi alifariki nikiwa mwaka wa kwanza hapa chuoni. Juzi darasani tulikuwa tunasoma njia ya misafara, tukafika Kwihara, walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Mhadhiri akauliza nani ana habari za wapagazi wenyewe. Nikanyoosha mkono, kisha nikaushusha. Yule aliyeachwa njiani, jina lake limenitoka. Walinzi sita wa Yuna nawataja wote bila kukosea.

Siilaumu gemu, maana ndiyo iliyomfungua Bibi mdomo. Wa kulaumiwa ni mimi niliyekuwa na haraka.

Mdogo wake Bibi bado yupo, anakaa Ipuli. Nauli ya treni nimeshaitenga kwenye bumu, na likizo hii nakwenda kukaa naye, simu ikiwa na chaji. Na wewe mwenzangu, kama nyumbani kwenu kuna mzee anayependa kusimulia, usimwambie kesho.