Bei ya Gari

Mwaka 2012, mwaka ulioanzishwa Mkoa wa Simiyu, nilisafiri kutoka Bariadi hadi Mwanza kununua gari. Nilichukua fedha za pamba ya misimu mitatu. Mjomba wangu, mfugaji, alifuatana nami. Na nakiri niliona haya, kwani sikudhani mtu wa minadani ana neno mbele ya wauza magari.

Muuzaji alitaja bei. Nami, kwa kuogopa kuonekana fukara, nilikwisha kutia mkono mfukoni. Mjomba akanizuia. Akalizunguka gari kimya, akainama kutazama chini yake, kama amfunuavyo ng'ombe kinywa ili ajue umri wake kwa meno. Kisha akauliza:

"Bwana, bei hiyo ni ya gari lililosimama hapa, au la gari litakalofika Bariadi?"

Ndipo yalipojitokeza mengine: usajili, bima, na gharama moja ambayo muuzaji mwenyewe alishindwa kuieleza. Mjomba akaaga kwa upole. Tulipofika mlangoni tuliitwa. Gharama ile ilikuwa imefutwa.

Tukipita Magu nilimshukuru.

"Vitabu vyote ulivyosoma, mjomba," akasema, "nawe ukaona aibu kuuliza?"

Sikumjibu. Nilishika usukani, nikatazama njia.