Ukienda Taita, Beba Mkebe na Leso

Shule zikifungwa na watoto wakianza kukuuliza mtakwenda wapi, fikiria Voi. Mji huu uko kilomita 330 hivi kutoka Nairobi na 150 hivi kutoka Mombasa, na tangu 2017 garimoshi la Madaraka Express husimama hapo. Ukipanda Nairobi asubuhi, adhuhuri unashuka katika joto na vumbi jekundu. Upande mmoja ni mbuga ya Tsavo Mashariki. Upande mwingine ni milima: Sagalla karibu kabisa na mji, Dawida kuelekea magharibi, na Kasigau peke yake huko kusini. Kwa familia isiyo na fedha za hoteli kubwa, hii ni nchi ya kutembea kwa miguu na kulala kwa jamaa.

Lakini kabla hujafunga mkoba, nina swali. Mtoto akianguka na kuvunjika mkono kwenye miamba ya Kasigau saa kumi na mbili jioni, una nini cha kumsaidia?

Usinijibu kwamba hospitali zipo. Zipo kweli. Voi kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, ile iitwayo Moi. Wesu kuna hospitali juu ya mji wa Wundanyi. Mwatate na Taveta nako kuna zao. Shida ni kile kilicho katikati. Kutoka Voi hadi Taveta ni kilomita 110 hivi, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni mashamba ya mkonge, ranchi na pori la Tsavo Magharibi. Kwenda Kasigau unaiacha barabara kuu pale Maungu, kisha unakata ranchi hadi vijiji vilivyouzunguka mlima. Giza likiingia, ndovu nao huanza safari zao, na usishangae mwenye bodaboda akisita kukupeleka. Nambari za dharura ni 999 na 112, nawe uwafundishe watoto wazikariri, ila simu si kila mahali itashika.

Watu husema ajali haina kinga, kisha wakaishia hapo hapo. Mkebe wa huduma ya kwanza hauizuii ajali wala hautibu. Kazi yake ni kumfikisha mgonjwa kwa daktari akiwa hai, na hali yake isiwe imeharibiwa zaidi na sisi tuliotaka kumsaidia.

Ajabu ni kwamba sanduku hili lilizaliwa relini. Mwaka 1888 kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani ilianza kuuza masanduku ya huduma ya kwanza kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, waliokuwa wakiumia mbali na madaktari. Miaka 10 baadaye, mwaka 1898, wajenzi wa reli yetu walikuwa wamekwama pale Tsavo, mbele kidogo ya Voi, wakiviziwa na simba wawili. Simba walioandamwa na hadithi nyingi ni hao, lakini hata pasipokuwa na simba, kujenga reli katika pori lile kulikuwa na malaria, majeraha na kiu ya kutosha.

Sasa twende sokoni. Masanduku mazuri yenye msalaba juu yanauzwa, na mengi yamejaa vitu ambavyo hutavigusa. Wewe tafuta mkebe wa plastiki wa mafuta ya kupikia wa kilo 2, wenye kifuniko kinachobana. Uoshe kwa sabuni na maji moto, uuanike ukauke. Huo ndio sanduku lako, na siku ya haja utakuwa beseni la kunawia kidonda. Duka la dawa mjini Voi, au la mtaani kwako kabla hujaondoka, litakupa shashi safi iliyofungwa, bandeji 2 au 3, plasta, jozi kadhaa za glavu, paketi za chumvi ya kuongeza maji mwilini na vidonge vya kupunguza maumivu vya parasetamoli. Ukiwa na noti ya shilingi 500 utafika mbali. Pamba si lazima. Ukiibeba, usiiweke juu ya kidonda kibichi kwa sababu nyuzi zake hunasa ndani. Shashi hutangulia.

Vilivyobaki viko nyumbani. Mkasi, pini kubwa za nepi, kipande cha sabuni, mifuko safi ya plastiki, sukari, chumvi, kijiko cha chai, biro na karatasi. Na leso.

Katika miaka ya 1870 daktari mpasuaji wa Ujerumani, Friedrich von Esmarch, alisifika kwa kitambaa cha pembe tatu alichowagawia askari. Kitambaa hicho kilichapwa picha za kuonyesha namna ya kukifunga, ili hata asiyefunzwa ajaribu. Mama wa pwani angekitazama tu akacheka. Yeye anayo doti nzima, ina maandishi yake na pindo lake, na haimlazimu kuikata. Leso ikikunjwa kutoka pembe hadi pembe, hubeba mkono uliovunjika shingoni. Ikikunjwa nyembamba, hufunga mguu kwenye ubao. Ikikunjuliwa, humfunika mgonjwa anayetetemeka. Ikikunjwa mara nne, hukandamiza jeraha linalovuja damu. Kama mna leso mbili katika msafara, mna nusu ya sanduku tayari.

Kwa damu inayotoka kwa wingi, vaa glavu, au tia mkono katika mfuko safi wa plastiki, ukandamize palepale inapotoka. Ukandamize kwa nguvu bila kuachia. Kosa la wengi ni kufunua kila baada ya dakika moja kuchungulia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Kwa mfupa, gazeti hili ulilonalo likikunjwa mara kadhaa huwa gumu kiasi cha kuushikilia mkono wa mtoto, basi usilitupe baada ya kulisoma.

Kutoka Mwatate barabara hupanda kwa kona nyingi hadi Wundanyi, na kadiri unavyopanda ndivyo joto la Voi linavyosahaulika. Kilele cha Vuria kiko mita 2,208 juu ya usawa wa bahari, na jioni ukungu hushuka hata mashamba ya ngazi yasionekane. Huku utelezi ndio adui: njia za miguu ni za udongo na mawe, na mvua haibishi hodi. Tia sweta kwenye mkoba hata kama Voi ulikuwa ukitoka jasho. Mgonjwa aliyeumia akipata baridi hudhoofika haraka. Na kama ameumia mguu na gari halifiki alipo, omba magunia 2 na fito 2 imara. Toboa pembe za chini za magunia, pitisha fito, nanyi mna machela. Katika nchi ya mkonge kama hii, gunia na kamba havikosi nyumba.

Neno kamba linanifikisha kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Nyanda za Taita Taveta zina nyoka: moma, ambaye wengine humwita kifutu, swila wanaotema sumu, na koboko. Moma ndiye wa kuhofiwa na mtembea kwa miguu, kwa kuwa hakimbii. Hulala njiani amejikunja, rangi yake kama majani makavu, na hungoja hadi umkanyage. Kwa hiyo kifaa cha kwanza dhidi ya nyoka ni tochi, kikifuatwa na viatu vinavyofunika mguu.

Mtu akiumwa, mikono ya watu hukimbilia vitu vitatu: kamba, wembe na jiwe jeusi. Ninakusihi visiwemo katika mkebe wako. Sumu ya moma huozesha nyama ya pale ilipoingia. Ukifunga kamba juu yake ukakaza, umeizuia sumu mahali pamoja na umekata damu isifike, na huenda mtu aliyekuwa apone akapoteza mguu. Wembe huongeza jeraha juu ya jeraha, na sumu haitoki. Kuhusu jiwe jeusi, najua wapo wazee wanaoapa kwamba liliwaponya. Sibishani nao kwamba walipona. Nyoka wengi hawana sumu ya kudhuru, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuimwaga. Aliyeumwa na nyoka wa namna hiyo angepona hata kwa kuwekewa kiazi. Taabu ni yule aliyeumwa hasa, akakalishwa na jiwe hadi asubuhi.

Fanya hivi. Muondoe karibu na nyoka, mlaze, mtulize. Vua pete, bangili, saa na viatu kabla uvimbe haujaanza. Mguu au mkono ulioumwa ufunge kwenye ubao au gazeti kwa leso, taratibu, kama unavyofunga mfupa uliovunjika, ili usitikisike. Asitembee ikiwa anaweza kubebwa. Akitapika au akizidiwa na usingizi, mgeuze ubavu. Mpe parasetamoli, usimpe aspirini wala ibuprofeni, kwa maana hizo huzidisha kuvuja damu. Kisha chukua ile biro uandike saa aliyoumwa, na uchore mstari ngozini uvimbe ulipofika kila baada ya muda. Daktari atakushukuru kwa karatasi hiyo. Usimfukuze nyoka ili umpeleke hospitalini. Wengi wameumwa wakimsaka. Dawa ya kuvunja sumu nayo si ya kubebwa mkobani. Hutolewa na waliofunzwa kwa sababu yenyewe yaweza kumdhuru mgonjwa. La busara ni kupiga simu mbele, uulize hospitali gani inayo, kabla hujapoteza saa mbili ukienda kwingine.

Swila akitema, sumu huingia machoni na maumivu yake ni makali. Hapo hapo osha kwa maji mengi, dakika 15 au zaidi, huku jicho limefunguliwa, kisha mpeleke hospitalini. Ndiyo maana mtungi wa maji usiishe kabla hamjafika mwendako.

Usidhani mambo haya ni ya vijiji vya Taita peke yake. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka miongoni mwa magonjwa yaliyopuuzwa mwaka 2017, na mwaka 2019 likatangaza mpango wa kupunguza vifo na ulemavu wake kwa nusu ifikapo 2030.

Pale Sagalla utaona mizinga ya nyuki imetundikwa kwa waya kuzunguka mashamba. Ni uzio wa kuzuia ndovu, uliofanyiwa majaribio hapo na Lucy King na wakulima wenyewe, maana ndovu huogopa nyuki. Watoto wasiutikise waya. Mtu akidungwa, aondoke upesi, miiba ikwanguliwe bila kuchelewa. Akianza kuvimba uso au kukosa pumzi, hapo hakuna dawa ya nyumbani, ni hospitali.

Ukiteremka hadi Taveta, kwenye ziwa Jipe na ziwa Chala, joto hurudi pamoja na mbu. Chandarua ni chenu, na ziwa Jipe mlitazame kutoka mbali, kwa kuwa viboko na mamba wamo. Mtoto akishikwa na tumbo la kuhara na paketi zimekwisha, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko. Kwa chupa ya soda ya nusu lita, ni vijiko 3 na robo kijiko. Anywe kidogo kidogo. Chumvi ikizidi ni hatari, basi pima, usikisie.

Ukifunga mkebe, dawa na plasta zikae chini, shashi na bandeji katikati, karatasi ya nambari za simu ibandikwe ndani ya kifuniko. Glavu na tochi ziwe juu kabisa, mahali mkono utakapofika gizani.