Bei ya Saa, Njia ya Myamba

Barua ya kazi ilisema milioni kumi na nane kwa mwaka. Mama aliisoma mara mbili, akaikunja, akauliza, "Kwa mwezi ni ngapi?" Kwetu hakuna aliyewahi kuhesabu mshahara kwa mwaka, kwa mwaka tunahesabu umri na ada ya shule. Nikamwambia milioni moja na nusu, kabla ya makato. Akanyamaza, kisha akaamua kwamba sitatia saini kabla sijaenda Myamba kumwamkia bibi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, Mpare wa Dar es Salaam, na milima ya Upare nilikuwa nimeiona kupitia dirisha la basi la Arusha tu.

Ilikuwa Julai 2023. Basi liliondoka Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, na kabla ya Chalinze nilikuwa nimeshatoa bahasha na kalamu. Nilitaka kujua saa yangu moja itauzwa bei gani. Nikagawanya kwa siku 365, kisha kwa saa 24, nikapata shilingi 2,055. Yaani nilikuwa nimejilipa hadi usingizi.

Mama wa kiti cha pembeni alikuwa akichungulia bila aibu. Kumbe alikuwa ameshika mishahara ya kiwanda miaka mingi kabla ya kustaafu. "Siyo hivyo, mwanangu," akasema. "Sheria imeshakufanyia hiyo hesabu." Akanitajia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Jedwali la Kwanza: mshahara wa mwezi ugawe kwa 4.333 upate wa wiki, wa wiki uugawe kwa saa za wiki. Ile 4.333 nilidhani kaitoa hewani, kumbe ni wiki 52 kugawanywa kwa miezi 12. Ukomo wa saa za kawaida ni 45 kwa wiki, tisa kwa siku, na barua yangu ilitaka 45 hizo hizo bila kupunguza hata moja. Basi mwezi una saa 195, na saa yangu ni shilingi 7,692. "Hiyo ikariri," akasema. "Ukifanya ovataimu wanatakiwa wakulipe hiyo mara moja na nusu, na asiyeijua atapokea chochote atakachopewa."

Nikaongeza ujanja wangu. Likizo ya mwaka ni siku 28, wiki nne ninalipwa nikiwa nimelala. Nikazitoa, zikabaki saa 2,160 kwa mwaka, na saa ikapanda hadi 8,333. Tulipofika Mombo kula, nilikuwa tajiri. Nilinunua soda mbili.

Same nilifika mchana wa jua kali na upepo wa vumbi, gari la Myamba limeshaondoka. Nikalala hapo. Jioni nilizunguka mji nikikumbuka hadithi ya mama kuhusu mbiru: mwaka 1945 Wapare kwa maelfu walishuka milimani, wakaja Same kwa bwana shauri kuipinga kodi iliyomkadiria kila mtu kwa mali yake. Kodi ya kiwango kimoja walikuwa tayari kulipa. Kilichowachoma ni mtu kuja kukuhesabia vya nyumbani kwako. Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenyewe, ameliandikia kitabu tukio hilo. Nchi nzima hututania kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nadhani mtani hajawahi kukaa chini akapiga hesabu ya kuku huyo.

Kesho yake tukapita Kisiwani, milima kulia, nyika ya Mkomazi kushoto, hadi baada ya Gonja gari lilipoiacha tambarare na kuanza kupanda. Sijui kuieleza ile njia bila kuonekana mwoga. Kila kona kondakta alikuwa akiruka chini na jiwe mkononi, tayari kuliweka nyuma ya tairi, na abiria wengine wakiendelea kuongea Chasu, lugha yetu Wapare, kana kwamba wamekaa sebuleni. Joto likaisha. Migomba ikaanza, kisha harufu, na nikaijua kabla sijaiona: tangawizi, imerundikwa pembeni mwa njia, ina udongo bado.

Bibi alinishika uso kwa mikono miwili, akasema nimefanana na mtu aliyekwisha kufa. Nikala makande. Mjomba alinitazama nikila, akauliza naanza kazi lini, kisha akaongeza, "Kesho tunachimba, mjomba. Saa moja."

Saa moja hadi saa saba, jembe mkononi, pamoja na vibarua watatu. Tangawizi haitaki haraka. Ukiikata vibaya mnunuzi anaikataa. Wakati wa kupumzika nikatoa bahasha yangu, nikamwonyesha mjomba ile 8,333. Akaisoma kwa utulivu.

"Kazini unafikaje?"

Daladala, nikasema. Kwenda na kurudi saa tatu, foleni ikiwa na huruma.

"Hizo umeziweka wapi?"

Sikuwa nimeziweka popote. Akanyoosha kidole kwenye magunia ya jana yaliyokuwa yakisubiri lori, yameshonewa kamba juu, yana kichwa kama cha mtu aliyevaa kilemba. "Ile ni lumbesa. Nalipwa gunia moja, juu pale kuna karibu nusu nyingine ya bure. Na wewe bosi wako kakushonea."

Nikapiga upya palepale. Saa 15 za njiani kila wiki juu ya 45 ni 60. Kwa wiki 48 ni 2,880. Saa ikashuka hadi 6,250. Nikakumbuka makato: NSSF na PAYE vikipita, milioni moja na nusu inabaki 1,117,000. Saa yangu ikawa shilingi 4,654. Vibarua walicheka kwa adabu.

Nikataka kumlipizia. "Na yako, mjomba?" Alijaribu kweli. Palizi alizikumbuka, na mbolea. Lakini tangawizi hukaa ardhini miezi tisa hivi, na siku za msaragambo, wanakijiji wanapochimba barabara bila malipo, aliziona si za shamba wala si za mapumziko. Siku mbili alizomngoja mnunuzi asiyetokea nazo akashindwa kuzipa jina. Akafuta mkono kwenye suruali. "Mimi najua gunia tu," akasema.

Nikamwambia kwamba tangu Januari mwaka ule kima cha chini cha mfanyakazi wa shamba kilikuwa 140,000 kwa mwezi, karibu shilingi 718 kwa saa. Hakujibu, na nikaogopa nimemkosea mbele ya vibarua.

Jioni aliniita uani. Akahesabu noti na sarafu, akanikabidhi elfu nne na mia tatu. Saa sita mara 718, alisema, ni 4,308. Nane zilizobaki ni za makande.